Tangi Namba Tatu na Kamati ya Kudumu ya Kutazama

Nina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba Mamlaka yetu ya Majalada ya Watumishi ndiyo taasisi ya kwanza kufikia kiwango cha juu kabisa cha uangalizi: mambo yote yanatazamwa, na hakuna hata moja linaloguswa. Tangazo hili lingetoka mapema zaidi, ila nalo lilikuwa linatazamwa. Naliandika mimi mwenyewe, Naibu Mkurugenzi wa Uangalizi, mtu niliyekuwepo tangu mwanzo na ambaye, nisijisifu, ndiye niliyependekeza viti.

Kwa wasiotufahamu, sisi ndio tunaotunza jalada la kila mtumishi: lini aliajiriwa, wapi alihamishiwa, mara ngapi alionywa. Mashine kuu iliyokuwa ghorofa ya tatu tuliistaafisha mwaka juzi, tukaikatia keki. Hoja ya Mkurugenzi wetu, ambaye sote humwita Mkubwa, ilikuwa nzito. Alisema ikiwa chini tuna seva ya nakala, na nakala ni sawasawa na asili, kuna haja gani ya kulisha mashine mbili? Karatasi zenyewe zilikwisha kuliwa na mchwa, ambao walianza na herufi A wakaendelea hadi mwisho, kwa utaratibu unaozishinda idara nyingi.

Seva hiyo ya nakala iko katika chumba kilicho chini ya ngazi, chenye baridi, kelele za mapangaboi na ndoo moja ya kukingia maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Anayeitunza ni binti mmoja tunayemwita Fundi wa Chini. Ndani ya seva kuna diski nyingi zilizofungwa kwa makundi, na kila kundi hufanya kazi kana kwamba ni tangi moja. Ndivyo anavyoyaita, matangi, nayo yako manne. Diski moja ikifa, wenzake hubeba mzigo wake. Zikifa mbili katika tangi moja, tangi limetoboka na kilichokuwamo hakizoleki. Haya alitueleza mbele ya menejimenti kwa kutumia vikombe vya chai, akavunja kimoja, akaandikiwa barua ya kujieleza.

Binti huyo ndiye aliyetunga programu iitwayo Chungulia. Ukiifungua, inayapitia matangi yote, inasoma hali ya kila diski, kisha inaandika kwenye skrini: MZIMA, MGONJWA, au AMEKUFA. Basi. Haifuti, haiandiki, haihamishi.

"Nimeifanya iwe ya kusoma tu," alisema siku ya uzinduzi, "ili hata mtu asiyejua kitu akiifungua, asiweze kuharibu." Aliposema hivyo alikuwa anamtazama Mkubwa, lakini kwa adabu.

Mkubwa alijisogeza mbele kwenye kiti. "Rudia hapo. Haishiki kitu kabisa?"

"Haishiki, bosi."

"Ikiona tatizo, inafanya nini?"

"Inasema kuna tatizo."

"Halafu?"

"Halafu mtu anakwenda kulirekebisha."

"Hapo mwishoni naona pana pupa," alisema Mkubwa. "Lakini kabla ya hapo pazuri sana."

Lazima msomaji aelewe Mkubwa alikotoka. Fundi aliyemtangulia huyu alichomoa waya mmoja, mmoja tu, na lifti ikasimama katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Mkubwa alikuwa ndani yake. Alikaa humo saa nzima na robo pamoja na mama wa chai na toroli lake, na kwa muda wote huo mama wa chai alimweleza ukweli kuhusu ofisi. Tangu siku hiyo Mkubwa aliamini kwamba kila balaa duniani huanza na mtu aliyeshika kitu. Sasa mbele yake palikuwa na mtumishi asiyeshika chochote, asiyechoka, asiyeomba likizo. Alisimama akasema kwamba katika maisha yake yote ya utumishi hajawahi kuona nidhamu ya namna hiyo, na kwamba ni aibu programu kutuzidi sisi binadamu.

Wiki hiyohiyo tulitoa Waraka Namba Saba, "Tazama, Usishike". Niliuandika mimi. Uliagiza kwamba kuanzia siku hiyo, kila mtumishi kuhusiana na seva ya nakala awe kama Chungulia: asome tu. Fundi wa Chini naye aliondolewa haki zote za seva, akabakiziwa ya kusoma. Ufunguo wa kabati la seva tuliufunga kwenye kipande cha ubao, ukawekwa katika droo ya Mkubwa, na ufunguo wa droo ukawekwa mahali pa siri ambapo Mkubwa hadi leo hapakumbuki.

Kisha tukaunda Kamati ya Kudumu ya Kutazama. Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na wanne, zamu tatu kwa siku, na viti ambavyo nimekwisha kuvigusia. Kila mjumbe alishuka chumba cha chini, akaitazama skrini kwa dakika zisizopungua ishirini, akasaini kitabu. Wahenga walisema macho hayana pazia, na sisi tuliwapa wahenga bajeti. Palikuwa pia na cheti cha Mtazamaji Bora wa Mwezi. Nilikipata mara mbili mfululizo na sikuona sababu ya kukificha.

Wiki ya tatu, mstari wa tangi namba tatu uligeuka mwekundu. Diski ya nne: AMEKUFA. Tangi: MGONJWA.

Sijawahi kuona furaha kama ile. Programu inafanya kazi! Wajumbe waliokuwa nje ya zamu waliitwa waje kuona. Mkubwa mwenyewe alishuka kwa ngazi, maana lifti hapandi tena, akapiga picha na ule wekundu.

Fundi wa Chini alinifuata kwenye ngazi akiwa na kifurushi kidogo cha kung'aa mkononi.

"Mzee, diski ya akiba hii hapa. Natoa ile iliyokufa, natia hii, dakika kumi tu. Naomba ufunguo."

"Unataka kushika?"

"Sasa nisiposhika, itajitia yenyewe? Mzee, zimebaki diski tano na zote zilinunuliwa siku moja. Ikienda nyingine tu, tangi lote limekwenda. Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta, najua. Na ujenzi wa kuta una idara yake."

Nilimwambia aweke ombi lake kwa maandishi, nami nikaliwasilisha kwenye Kamati. Kamati ililijadili kwa siku mbili kwa moyo mweupe. Mjumbe mmoja alisema kinachotia hofu wafanyakazi si diski bali neno MGONJWA, ambalo si la kiofisi. Tukaazimia Fundi alibadilishe neno hilo, liwe LIMEPUMZIKA KWA SEHEMU, na wekundu uwe kijani ya kukomaa. Alibadilisha. Aliuliza kama anaweza pia kubadilisha diski. Kamati ikasema mambo mazuri hayataki haraka.

Hapa nalazimika kuingiza jambo la nyumbani, kwa kuwa liliingia lenyewe.

Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu. Alizalisha wanawake wa watu miaka thelathini na sita katika zahanati tano, na anaishi peke yake katika nyumba ya serikali yenye vyumba viwili na bomba lisilokauka. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu tangu Kamati iundwe, lilitoka tangazo kwamba yeyote anayeishi katika nyumba ya serikali, awe kazini au amestaafu, alete jalada lake lililothibitishwa na Mamlaka yetu kabla ya tarehe thelathini na moja. Asiyeleta, atoke. Agizo hilo lilipendekezwa na Mkubwa, ambaye alitaka kuwafichua wavamizi. Sote tulimpigia makofi, kwa kuwa sote pia tulikaa katika nyumba za serikali na hatukuwa wavamizi.

Mama mkwe alikuja. Sikuambiwa na mtu. Nilimkuta dirisha namba nne, wa kumi na saba katika foleni, kitambaa kichwani, bahasha kwapani.

"Shikamoo, mama. Mbona hukupita ofisini kwangu?"

"Marahaba, baba. Mimi sikuja kwa mkwe wangu, nimekuja serikalini. Ukinipitisha wewe, hawa wenzangu watasemaje?"

Alifika dirishani saa saba mchana, akaambiwa jalada lake limo katika tangi namba tatu, tangi hilo limepumzika kwa sehemu, na kwa mujibu wa Waraka Namba Saba kuchapisha jalada ni namna ya kulishika. Karani alimwonyesha jalada kwenye skrini. Lilikuwa pale, kurasa mia mbili na kumi, na barua tatu za pongezi. Alitazama jina lake muda mrefu.

"Sasa mwanangu," alimwuliza karani, "nikawaambie wale wa nyumba kwamba nimeliona?"

"Waambie limeonekana, bibi."

Jioni ile mke wangu alinipokea mlangoni, futi ya kupimia mkononi. Kisha akasema, "Mama akitolewa pale, anakuja hapa. Nimeshapima kitanda."

Nieleweke. Nampenda mama mkwe. Nampenda kwa dhati, kwa umbali wa kilomita kumi na mbili. Ni mtu wa kuamka alfajiri na kuuliza maswali. Siku moja aliniuliza, mbele ya wanangu, mimi kazini hasa nafanya nini, nikajibu naratibu, akasema, "Sawa baba, lakini unafanya nini?" Mtu wa namna hiyo huwezi kuchangia naye bafu moja.

Kwa hiyo nilikwenda mbele ya Kamati kuomba msamaha maalumu, jalada moja tu lichapishwe. Kamati ilinisomea kifungu cha nne cha Waraka, kinachosema hakuna msamaha maalumu. Kimeandikwa vizuri sana kifungu kile. Niliondoka nikiwa na huzuni ya mkwe na fahari ya mwandishi.

Tarehe ishirini Fundi wa Chini alikuja ofisini kwangu na karatasi.

"Mzee, Waraka unasema naruhusiwa kusoma, sivyo?"

"Kusoma ni haki yako na wajibu wako."

"Basi naomba kibali cha kusoma tangi namba tatu lote. Jalada moja baada ya jingine."

Nilitiwa moyo. Kijana anayeomba kusoma! Nilisaini bila kufika ukurasa wa pili, nikamwambia msomaji mzuri ni nguzo ya taasisi.

"Ahsante, mzee. Limebaki moja. Majalada ya wakubwa wote, kuanzia wakuu wa vitengo kwenda juu, yamo katika tangi hilohilo, ila yamefungwa kwa kufuli la siri. Hata kuyasoma siwezi. Naomba na hayo nifunguliwe."

Hapo nilipandisha sauti. Majalada ya wakubwa tuliyafunga wenyewe, kwa azimio, ili macho ya watu wa chini yasiyafikie. Nilimwuliza anataka kujua nini kuhusu mimi. Akasema hataki kujua chochote.

"Mzee, mimi nakuomba tu. Nakuomba mara ya pili. Nisije nikalaumiwa."

"Toka," nilimwambia. Akatoka, akafunga mlango taratibu.

Siku saba hakuonekana kwenye chai. Wajumbe wa zamu walisema anakaa kwenye ile kompyuta yake ndogo ya mezani, nje kabisa ya chumba cha seva, anasoma. Hakuigusa seva hata kwa kidole. Kitabu cha Kamati kinathibitisha hivyo, kwa kuwa tulimtazama.

Tarehe ishirini na saba, baada ya chakula cha mchana, Kamati yote ilikuwa chini kwa ajili ya kunikabidhi cheti cha tatu. Mkubwa alikuwa ameanza kusema "mtu huyu ambaye macho yake" pale mstari wa tangi namba tatu ulipopotea. Haukubadilika rangi, maana rangi tulikwisha kuziidhinisha zote. Ulipotea. Mahali pake Chungulia iliandika: HAKUNA KITU CHA KUSOMA.

Tulitazama. Ndiyo kazi tuliyoijua. Tulitazama dakika ishirini kamili, kisha mjumbe mmoja akauliza kama tusaini kitabu.

Nilimfikiria mama mkwe na bomba lake. Niseme wazi, machozi yalinilenga, na si yote yalikuwa ya kitanda kilichopimwa. Mwanamke yule alikuwa ametembea usiku na mvua miaka thelathini na sita kwenda kushika watoto wa watu kwa mikono yake, na ushahidi wote ulikuwa umeyeyuka mbele ya watu kumi na wanne walioketi kwenye viti vyangu.

"Fundi!" aliita Mkubwa. "Fundi yuko wapi?"

Alikuwa mlangoni. "Nipo, bosi."

"Kuna mtu ameshika kitu!"

"Hakuna aliyeshika, bosi. Ndiyo maana."

Kisha akatueleza, polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kompyuta, alisema, haiwezi kusoma kitu bila kukipokea. Alichokisoma kutoka tangi namba tatu alikiweka kwenye ile diski ya akiba, ambayo haikuruhusiwa kuingia kwenye seva, hivyo aliitia kwenye kompyuta yake ya mezani. Ilikuwa katika ukurasa wa pili wa kibali. Majalada elfu thelathini na moja: wakunga, walimu, madereva, walinzi, makarani, mama wa chai. Yote mazima.

Nilimkumbatia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika kitu katika jengo lile kwa miaka mingi.

"Kwa hiyo hakuna hasara!" alisema Mkubwa, na uso wake ukarudi mahali pake. "Kamati imeokoa majalada yote!"

"Yote niliyoruhusiwa kuyasoma, bosi."

Tone lilianguka kwenye ndoo. Mkubwa alinigeukia mimi. Mimi nilikitazama cheti changu.

Mama mkwe alichapishiwa kurasa zake kesho yake, dirisha namba nne, kwa zamu yake. Tarehe thelathini na moja alithibitishwa mkazi halali wa nyumba yake maisha yake yote. Tarehe mosi, maofisa wa nyumba walifika kwangu asubuhi, watu wapole sana, wakauliza jalada langu liko wapi. Niliwaambia ni la siri. Wakaniuliza kama naweza kuwaonyesha hata siri yenyewe. Walipotoka kwangu walikwenda nyumba ya jirani, yaani kwa Mkubwa.

Utaratibu una huruma yake. Asiye na jalada anaweza kujaza fomu na kuleta mashahidi watatu wenye majalada mazima, ambao wataandika kwa mkono wao kazi waliyomwona akiifanya. Nilichukua fomu nikashuka chini. Niliona ni jambo la dakika kumi.

Fundi wa Chini alinivutia kiti, akachukua kalamu. Sikuona kinyongo machoni mwake. Alisoma swali mara mbili, akaandika jina langu vizuri, akaishia hapo.

"Mzee, nataka kukusaidia, wallahi. Nikumbushe. Nimekuona ukifanya nini?"

"Niliandika Waraka Namba Saba."

"Huo nisiuandike, mzee. Utakuumiza."

"Nilisaini kibali chako. Bila kibali kile, watu elfu thelathini na moja wangepotea."

Uso wake ulichangamka. "Kweli! Hiyo nitaiandika." Kisha kalamu ikasita tena. "Wameuliza hapa, alifanya kwa kujua? Ulikisoma, mzee?"

Nilimwambia nitarudi. Nilipita kwa karani wa dirisha namba nne, nikapita kwa mlinzi, nikapita hata kwa mama wa chai, ambaye alisema yeye ana mengi ya kuandika lakini nafasi kwenye fomu haitoshi.

Mwisho nilikwenda kwa mama mkwe. Yeye naye ana jalada zima, na mkono wake serikali inauamini. Alivaa miwani, akaisoma fomu mpaka chini, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Baba, mkono huu umeandika saa za kuzaliwa za watoto wa watu, na haujapata kuandika nisichokiona. Usinitie majaribuni na uzee huu." Akavua miwani. "Lakini chumba cha nyuma kipo. Waleteni watoto. Asubuhi tunaamka saa kumi na moja."

Tumehamia Jumamosi. Chumba ni safi, bafu ni moja, na maswali huanza kabla ya chai. Kamati bado ipo. Inatazama matangi matatu yaliyobaki, na ninaambiwa diski ya pili ya tangi namba moja imepumzika. Jana Mkubwa alinipigia simu. Tulizungumzia mustakabali wa Mamlaka kwa muda mrefu, kwa lugha ya juu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama hicho chumba cha nyuma kina kitanda cha pili.

Nilikwenda kumwuliza mwenye nyumba. Alikuwa uani anaanua nguo, hakugeuka.

"Mwambie aje aombe mwenyewe," alisema mama mkwe. "Na aje na godoro lake."